Uzio wa Nyumba: Mafunzo ya Kiwanja Kimoja cha Kibada

Uzio wa nyumba una kazi nyingi. Huonyesha mpaka wa kiwanja, husitiri maisha ya ndani, humchelewesha mwizi, huwazuia kuku na mbuzi, hupunguza vumbi na upepo, na penye mteremko hushikilia udongo. Hakuna aina moja inayozitimiza kazi hizi zote sawasawa. Minyaa humzuia mbuzi lakini haimzuii mtu aliyekusudia kuingia. Ukuta wa bloku husitiri, ila hukata na upepo wa bahari. Wavu wa waya huacha upepo upite, na macho ya wapita njia nayo yapite. Ndiyo maana uchaguzi wa uzio huanza kwa kuangalia kila upande wa kiwanja unahitaji nini. Kimo, vifaa na bei hufuata baadaye.

Nyumba za zamani za pwani zilifuata utaratibu huo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, ukuta mnene wa nyumba ndio uliokuwa uzio. Mgeni alipokewa kwenye baraza nje, na uwazi uliobaki katikati ya nyumba ulikuwa wa wenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ilikuwa na kibaraza mbele kilichotazamana na mtaa bila kizuizi chochote. Kilichofungwa kwa ukuta, mabati au makuti kilikuwa ni uani tu, mahali pa kupikia, kufulia na kuogea. Desturi ya kukizungushia kiwanja chote, mbele na nyuma, ilienea zaidi pale watu walipohamia viwanja vikubwa vya pembezoni mwa mji.

Kiwanja kimoja cha Kibada, Kigamboni, kinaonyesha vizuri jambo hilo. Ni miongoni mwa viwanja vilivyopimwa chini ya mradi wa viwanja 20,000 wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2002, nacho kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Familia iliyokipata ilihamia wakati majirani ni wachache na mbuzi wakizunguka watakavyo. Kadiri mtaa ulivyojaa, hasa baada ya daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka 2016, kiwanja hicho kilipitia karibu kila aina ya uzio inayojulikana mjini. Yaliyokumbukwa na familia hiyo pamoja na majirani zake ndiyo msingi wa maelezo haya.

Mpaka kabla ya uzio

Kiwanja kilichopimwa huwa na bikoni kwenye pembe zake, yaani nguzo fupi za zege zenye namba. Katika udongo wa kichanga bikoni hufukiwa kwa urahisi, na nyingine hung'olewa na greda au na watoto. Bikoni isipoonekana, mwenye kiwanja humwita mpima ardhi aliyesajiliwa kufufua mipaka kwa kufuata ramani ya upimaji. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kubomoa ukuta. Pale Kibada, jirani mmoja alipima kwa hatua za miguu akianzia kwenye mwembe uliodhaniwa kuwa mpakani, na mpima alipofika ukuta wote wa upande ule ulikuwa umeingia kwa mwenzake.

Msingi wa ukuta huwa mpana kuliko ukuta wenyewe. Ukuta wa bloku za inchi 6 ukisimama juu ya mstari wa mpaka kwa upande mmoja, zege la chini hutokeza kwa jirani. Mwenye kujenga peke yake huingia ndani kidogo ili msingi wote ubaki katika ardhi yake. Majirani wakikubaliana kujenga ukuta mmoja wa pamoja, mstari wa mpaka hupita katikati yake.

Sheria nazo huweka mipaka yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, na kuta nyingi zilizoingia humo zikachorwa alama ya X. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto. Ukuta ni ujenzi kama ujenzi mwingine, hivyo ofisi ya ardhi na ya mipango miji ya halmashauri huulizwa kabla ya kumwita fundi.

Uzio ulio hai

Uzio wa mimea ndio wa bei ndogo zaidi kuuanzisha, na ndio unaodai kazi zaidi kuutunza. Minyaa imezoeleka sana Shinyanga, Singida na Dodoma kwa sababu inastahimili ukame na mifugo haiili. Hupandwa kwa vipande vya matawi. Vipande huachwa siku chache kivulini hadi utomvu ukauke, kisha huchomekwa karibu karibu mwanzoni mwa mvua. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia machoni ni hatari: jicho huoshwa kwa maji mengi safi na mtu hupelekwa hospitali bila kuchelewa. Nyumba yenye watoto wadogo haifai kuwa na minyaa mahali pa michezo yao.

Mbono kaburi nao hushika kwa vipande na haulwi na mbuzi, lakini mbegu zake zina sumu. Michongoma, jina linalobeba mimea kadhaa yenye miiba, hufunga vizuri kuliko yote ikitunzwa. Siri yake ni kukatwa mapema. Mche ukifika magotini hukatwa ncha ili utoe matawi chini. Ukiachwa urefuke kwanza, shina hubaki wazi, na kuku hupita huku juu kukiwa na kichaka. Baada ya hapo hupogolewa kila msimu wa mvua unapomalizika. Usipopogolewa, hujaa njiani na kumchoma kila apitaye.

Katika vihamba vya Kilimanjaro mpaka huwekwa kwa masale. Mmea huo haumzuii mtu wala mnyama, lakini kwa Wachaga jani lake ni ishara ya amani na ya kuomba msamaha, na anayeung'oa mpakani anajua uzito wa alichokifanya. Huo ni uzio unaotegemea makubaliano ya watu, nao umedumu mahali ambapo ardhi ni haba sana.

Kwenye kiwanja cha Kibada michongoma ilipandwa pande tatu, na bogenvilia upande wa barabara. Bogenvilia iliupenda mchanga na jua, na haikuhitaji maji mengi baada ya kushika. Michongoma ilichukua misimu kadhaa ya mvua kabla ya kumzuia mbuzi. Katika muda huo ilibidi matawi makavu ya miiba yapangwe mbele ya miche, la sivyo mifugo ingeimaliza. Yeyote anayechagua uzio hai hupanga pia uzio wa muda wa kuulinda.

Makuti, fito na mabanzi

Uzio wa makuti hutengenezwa kwa makumba, yaani makuti yaliyosukwa, yakafungwa kwenye fito na nguzo. Husitiri vizuri, hupitisha hewa, na uani hubaki na ubaridi hata wakati wa jua kali. Adui zake ni mchwa, mvua na moto. Nguzo huanza kuoza pale zinapokutana na ardhi, na ndiyo sababu mafundi huunguza au hupaka oili chafu sehemu ya chini. Oili hiyo huchafua udongo, hivyo haifai karibu na kisima wala bustani ya mboga. Boriti za mikoko hudumu kuliko miti mingi, lakini ukataji wa mikoko unahitaji kibali. Siku hizi wengi hutumia mirunda ya mikaratusi.

Kwenye mikoa ya mashamba ya miti, kama Iringa na Njombe, kazi ya makuti hufanywa na mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya gogo vinavyobaki kiwandani baada ya kupasua mbao. Huwa rahisi kwa bei, na yakipakwa dawa ya mbao hudumu zaidi. Aina zote hizi zinafaa kwa upande unaohitaji stara haraka kwa fedha kidogo, hasa uani. Kwa upande wa barabara kuu hazitoshi.

Waya

Waya hutumika kwa namna mbili kubwa. Seng'enge, yenye miiba, huwekwa kwa mistari kwenye nguzo na kazi yake ni kuzuia ng'ombe na mbuzi. Ikiwa kwenye kimo cha mtoto anayekimbia ni hatari, kwa hiyo nyumbani inafaa ikae juu ya uzio mwingine. Wavu wa waya hufunga zaidi, hupitisha upepo, na humwezesha jirani kuona kinachotokea ndani.

Uimara wa waya uko kwenye nguzo. Nguzo za zege au chuma huwekwa kila baada ya mita 2.5 hadi 3, na zile za pembeni na za geti huegemezwa kwa nguzo za mshazari, kwa kuwa ndizo zinazobeba mvuto wote. Nguzo ya pembeni ikilala, wavu wote hulegea. Karibu na bahari chumvi ya hewani hula chuma upesi. Waya uliopakwa zinki nyembamba huota kutu mapema, na ule uliofunikwa kwa plastiki hudumu mradi plastiki isichubuke. Wavu wa Kibada uliwekwa nyuma ya michongoma. Miaka ilipopita waya ulianza kuoza chini, lakini mimea ilikuwa imekwisha kuukumbatia, na viwili hivyo vikawa kizuizi kimoja kigumu kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Mabati

Mabati hupendwa wakati wa ujenzi kwa sababu hufunga kiwanja kwa siku moja na baadaye huweza kutumiwa kwingine. Unene wake hutajwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba, hivyo geji 28 ni nene kuliko geji 32. Kwa kuwa bati halipitishi upepo, husukumwa kwa nguvu wakati wa kusi. Nguzo zikiwa mbali au zimechimbiwa kijuujuu, uzio mzima hulala. Bati linalogusa ardhi huota kutu kuanzia chini, kwa hiyo huachwa nafasi ndogo au hujengwa mstari wa bloku chini yake. Kingo zake hukata, na jua la mchana hulifanya liuchome uwanja mdogo. Yakiwa ya muda, mabati ni chaguo zuri. Yakiwa ya kudumu, yanahitaji fremu ya chuma na rangi.

Ukuta wa bloku

Ukuta wa bloku ndio unaotamaniwa na wengi, nao ndio wa gharama kubwa. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Geti la mita 4 likitolewa hubaki mita 96. Kwa ukuta wa kimo cha mita 2, eneo ni mita za mraba 192. Bloku moja ina uso wa sentimita 45 kwa 22.5 hivi, na pamoja na zinazovunjika huhesabiwa bloku 10 kwa kila mita ya mraba. Jumla ni takribani bloku 1,900 kabla ya kuhesabu msingi, nguzo, nondo, mchanga, kokoto na fundi. Hesabu hii hufanywa kabla ya kununua chochote, kwa sababu ukuta ulioishia njiani hausitiri wala haulindi.

Ubora wa bloku hutofautiana sana. Bloku iliyopunguzwa saruji humong'onyoka kwa kukwaruzwa na msumari na hupasuka vipande vipande ikiangushwa kutoka kiunoni. Bloku iliyokaushwa juani bila kumwagiliwa nayo huwa dhaifu, hata kama mchanganyiko wake ulikuwa mzuri. Zege la saruji hukomaa kwa maji, na bloku hustahili kumwagiliwa angalau siku 7. Mnunuzi mwangalifu huenda kuzitazama zikifyatuliwa, au humleta fundi azifyatulie kiwanjani.

Ukuta mrefu mwembamba hausimami kwa uzito wake tu. Huhitaji nguzo za zege zenye nondo kila baada ya mita 3 hivi, mkanda wa zege, na msingi ulioshuka hadi kwenye udongo mgumu. Udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ukuta usioachiwa nafasi za kupumua hupata nyufa. Mchanga wa Kigamboni hauvimbi, lakini maji ya mvua huuchukua kwa urahisi na kuuacha msingi ukining'inia. Tiba yake ni msingi wa kina cha kutosha na mifereji inayoyapeleka maji mbali.

Kinachoangusha kuta nyingi ni maji yaliyosimama. Ukuta uliojengwa kukingama njia ya maji hugeuka bwawa. Maji ya kina cha mita 1 huusukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 500 hivi. Kina kikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Hakuna ukuta wa kawaida wa bloku uliojengwa kwa ajili ya mzigo huo. Mvua kubwa kama zile za Desemba 2011 zilizoifurika Dar es Salaam huonyesha maji yalipita wapi kabla nyumba hazijajengwa. Kwenye mtaa wa Kibada, ukuta wa kiwanja cha bondeni ulianguka wakati wa masika moja, ilhali ule wa jirani yake, uliokuwa na matundu chini kila hatua chache, ulibaki. Matundu hayo huzibwa kwa wavu mdogo ili panya wasipite, na husafishwa kabla ya mvua.

Jambo jingine ni joto. Nyumba za pwani hupozwa na upepo, kaskazi kwa miezi kadhaa na kusi kwa miezi mingine. Ukuta mzima wa mita 2 au zaidi ukiwa karibu na madirisha huugeuza upepo kuwa hadithi. Njia iliyofaa kiwanja cha Kibada ilikuwa kujenga bloku hadi kimo cha mita 1 upande wa mbele, na juu yake kuweka nondo za urembo kati ya nguzo. Upande wa nyuma, penye uani, ukuta ulipandishwa wote. Wengine hutumia bloku za matundu sehemu ya juu, ambazo husitiri nusu na kupumua nusu.

Usalama na geti

Kimo peke yake hakileti usalama. Ukuta mrefu ukishapandwa humficha aliyeupanda, kwa kuwa hakuna mpita njia anayemwona. Chupa zilizovunjwa, waya wa wembe na fensi ya umeme humchelewesha mtu, lakini taa inayowaka, mbwa, na jirani anayeona na kuita ndio humfanya abadili nia. Fensi ya umeme huhitaji fundi mwenye ujuzi, alama za tahadhari na kimo kisichofikiwa na watoto.

Geti ndilo hutumika kila siku na ndilo huharibika kwanza. Upana wa mita 3.5 hadi 4 huruhusu gari la kawaida pamoja na gari la majitaka na la zimamoto, ambayo husahaulika hadi siku yanapohitajika. Nguzo zake huwa na msingi mkubwa kuliko nyingine, na geti hufunguka kwa ndani au kwa kuteleza, lisiingilie njia. Mlango mdogo wa watu pembeni huliokoa geti kubwa na kufunguliwa mara kwa mara.

Jirani

Uzio hugusa watu wawili hata ukilipiwa na mmoja. Mazungumzo kabla ya kuchimba msingi huhusu mstari wa mpaka, kimo, upande yatakakoelekea maji, na ikiwa gharama itagawanywa. Makubaliano huandikwa mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kila upande hubaki na nakala. Pale Kibada ukuta wa nyuma ulijengwa kwa kuchangiana na jirani. Kila mmoja alilipa nusu, na kimlango kidogo kiliachwa kwa ajili ya wanawake waliozoea kukopeshana vyombo na kuangaliana watoto. Mtaani palikuwa pia na njia ya miguu iliyotumiwa na wanafunzi kukatiza viwanjani kabla ya ujenzi. Waliojenga walikaa na kukubaliana kichochoro kimoja kibaki, na hivyo hakuna uzio uliovunjwa usiku na waliozoea kupita.

Mgogoro ukizuka, hatua ya kwanza ni usuluhishi kwa viongozi wa mtaa na baraza la kata. Ramani ya upimaji na maandishi ya makubaliano huwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya mti uliokwisha kukatwa.

Kuamua na kutunza

Mwenye fedha kidogo na kiwanja kipya hufaa kuanza na mimea inayolindwa na waya, kisha kujenga ukuta upande mmoja mmoja kwa kufuata mahitaji: uani kwanza kwa ajili ya stara, barabarani baadaye. Mwenye mifugo hutazama zaidi sehemu ya chini ya uzio. Aliye karibu na bahari huepuka chuma kisichokingwa. Aliye bondeni huyapa maji njia kabla ya kuweka bloku ya kwanza. Aliyepanga nyumba au ambaye hajakamilisha hati hutumia vifaa vinavyoweza kuondolewa.

Bei halisi ya uzio ni ya kuujenga pamoja na ya kuutunza. Mimea hupogolewa, makuti hubadilishwa, waya hukazwa, mabati na geti hupakwa rangi, nyufa za ukuta huzibwa. Ukaguzi hufanywa mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika: nguzo hutikiswa, matundu ya maji huzibuliwa, mchanga ulioondoka kwenye msingi hurudishwa na kushindiliwa, na bikoni huangaliwa kama bado zipo mahali pake.